Sauti Haikatwi Vipande

1

Kaburi la Mzee Xaveri Mbano lilikuwa na kina cha futi sita, na mimi nilikuwa nimelala ndani yake chali, mikono kifuani, nikikataa kutoka.

Juu niliona jeneza mabegani mwa vijana sita, na uso wa Oswin, mtoto wa marehemu, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Sasa alikuwa anajizuia kucheka.

"Ditriki, toka. Mzee anachoka."

"Atachokaje na amelala? Mrudisheni alikotoka. Ardhi hii ni ya Wahehe, nyinyi tuliwapangisha tu."

"Wahehe gani? Babu yako alifika hapa akimfukuza mbwa. Mbwa akapata hifadhi kwetu, babu yako tukamwonea huruma."

Waombolezaji wakaangua kicheko. Kwetu mtani haalikwi msibani. Anakuja mwenyewe, na kazi yake inajulikana. Achimbe, apike, aibe kuku, awatukane wafiwa mpaka wasahau kidogo kilichowapata. Mzee Xaveri alinionya mwenyewe wiki moja kabla: "Mhehe, nikifa usiniletee shairi la machozi. Nitafufuka nikuchape."

Basi nikamtungia la matusi. Lilinichukua siku mbili, na nilipolitoa mle shimoni sauti ilipanda juu kama imetoka kwa mwenye kaburi:

*Kaburi hili si lako, Mngoni geuka rudi,*
*Kusini kwenye chimbuko, ulikotoka kwa jadi,*
*Udongo huu ni mwiko, haulazi mkaidi,*
*Beba ngao na mfuko, nenda, usipige hodi.*

Mara ya pili waliitikia mstari wa mwisho wote pamoja. Mara ya tatu walipiga makofi. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mjane, Mama Oswin. Alilishika jeneza la mumewe kwa mikono miwili asianguke. "Amekuweza, Xaveri," alimwambia maiti. "Leo Mhehe amekuweza."

Nikatoka, tukamzika. Kwenye nguzo ya taa ya jua, hatua chache kutoka pale, Sikio lilikuwa limewaka kijani. Sikulitazama mara mbili.

2

Sikio lilikuwa kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Masikio yalipachikwa nchi nzima, masokoni, makanisani, misikitini, visimani, na kwa miaka miwili yalitusikiliza. Tuliyakubali kwa moyo mweupe. Wazazi wetu walikuwa wamechoshwa na tume zilizozunguka na madaftari kisha zikaandika kile zilichokuja nacho kichwani. Safari hii, tuliambiwa, katiba itatoka midomoni mwetu. Hakuna fomu, hakuna mheshimiwa wa kukusemea. Sema kama ulivyozoea kusema.

Kila neno lililogusa nchi, ardhi au haki lilipewa uzani. Walioitikia waliuongeza. Walioyarudia maneno yale kwingine waliuongeza tena. Ibara iliyofika uzani wa sitini kwa mia iliingia kwenye rasimu, na ikaanza kutumika papo hapo kwa majaribio wakati nchi ikisubiri kura.

Nilijivunia jambo hilo kuliko watu wengi, na nilikuwa na sababu. Mwaka wa kwanza wa Masikio nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikaeleza kifo cha dada yangu Twilumba. Uchungu ulimshika asubuhi. Mkunga alikuwa mmoja kwa kata nne, na siku hiyo alikuwa kata nyingine. Tulimbeba kwa machela kilomita kumi na tisa. Alifia kwenye daraja la mbao, mtoto akiwa tumboni. Siku ile sikutunga kitu, nilisema tu kama ilivyokuwa, na wanawake waliokuwa mkutanoni wakaenda kuyasema kwao, na wa kwao wakayasema mbele zaidi.

Rasimu ilipotoka, Ibara ya 58 ilisema: *Kila kijiji kitakuwa na mkunga aishiye kijijini humo.* Chini ya kila ibara waliweka maneno ya mwananchi yaliyoibeba, na chini ya hiyo yalikuwepo maneno yangu: *Alifia kwenye daraja.* Mama yangu aliniomba nimsomee mara ya pili. Kisha akaenda kukaa jikoni peke yake, nami nikamwacha.

Nilirudi kurasa za mwanzo kutafuta kama nimo mahali pengine. Ndiyo, niseme ukweli, nilikuwa najitafuta. Nikajikuta kwenye Ibara ya 31.

*Koo zilizoingia nchini kwa uhamaji unaojulikana zitahesabiwa kuwa koo za wageni. Mtu wa ukoo wa wageni hatazikwa katika shamba la ukoo. Atazikwa katika makaburi ya serikali.*

Na chini yake: *Kaburi hili si lako, Mngoni geuka rudi.*

Wangoni walitoka kusini na mikuki yao enzi za mababu wa mababu. Mtoto wa chekechea analijua hilo, ndiyo maana ni utani. Lakini waliolifundisha Sikio walikuwa wamelisomesha hotuba, kesi za mahakamani na vipindi vya redio. Msibani hawakulipeleka hata siku moja. Na shairi lilikuwa zuri. Wanyamwezi walilichukua wakawaimbia watani wao Wangoni harusini, wanafunzi wakaliimba mabwenini, kila lilipokwenda lilipigiwa makofi. Mwaka mzima nilikuwa natembea kifua mbele, nikidhani nimekuwa mshairi wa taifa.

3

Ofisi ya Rasimu ya wilaya ilikuwa na kaunta moja na mtu mmoja, Bi. Eliaichi Msuya, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea.

"Mimi ni Mpare, mdogo wangu," alisema. "Utani naujua. Ningekuwa mimi ndiyo Sikio, tusingekuwa hapa."

"Basi futa, dada. Futa mistari minne tu."

"Sauti haikatwi vipande." Alisema kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi. "Mwanzoni ilikatwa. Wakubwa wakawa wanawafuata watu majumbani: futa hili, bakiza lile. Ndipo sheria ikaja. Unaitoa sauti yako yote, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, au unaiacha yote. Na walioirudia kwa sababu yako wanatoka nawe."

"Basi niandikie maoni mapya. Andika: mimi Ditriki Kihwele nasema Mngoni ni mwenye nchi kama mimi, na anayetaka kumhamisha maiti wake aanze na mimi. Andika kwamba katiba isiyojua kucheka haiwezi kunitawala."

"Dirisha la maoni lilifungwa Aprili. Lililobaki ni dirisha la kujitoa, na hilo linafungwa Ijumaa saa sita mchana." Aligeuza kioo chake cha mezani nikione. "Na ungeyasema leo yangekuwa na uzani gani? Umeyasema peke yako, ofisini, hakuna aliyeitikia. Yale mengine waliitikia elfu arobaini na kitu. Unataka kuona wa kwanza wao ni nani?"

Sikutaka. Akanionyesha. Sauti ya kwanza iliyoandikwa kuwa imeafiki Ibara ya 31 ilikuwa ya Bi. Generosa Mbano, mjane, umri miaka sitini na sita. Mama Oswin. *Kicheko cha kuafiki, sekunde kumi na moja.*

Nilikaa kwenye benchi.

"Nikijitoa inakuwaje?"

"Ya thelathini na moja inashuka kutoka sitini na mbili hadi arobaini na tatu. Inakufa leo leo." Alivua miwani. "Na hamsini na nane ina sitini na nusu. Bila wewe inabaki hamsini na sita."

"Inakufa nayo."

"Inakufa nayo."

"Wakunga wangapi wameshapelekwa?"

"Mkoa huu peke yake, mia mbili na kumi na wawili. Mimi naona taarifa zao kila Jumatatu. Wanaandika wamezalisha wangapi." Hakuniambia ni wangapi, nami sikumuuliza. "Kura ni mwakani, mdogo wangu. Watu wanaweza kuikataa hiyo thelathini na moja wenyewe."

"Mama Oswin hana mwakani," nilimwambia. "Figo zimekwisha."

4

Alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, mgongo ukutani, miguu imevimba kama ya mtu mwingine. Oswin alikuwa akimsugua nyayo.

"Oswin, fungia mbwa," alisema aliponiona. "Mhehe kaja na njaa."

"Mbwa wenyewe wamekonda, mama. Mmewalisha panya mkawabania."

Alicheka kidogo, kisha akakohoa, akaacha kucheka. "Kaa. Oswin ameniambia. Eti sitalala na mume wangu kwa sababu nilicheka."

"Kwa sababu nilisema, mama."

"Wewe ulisema vizuri. Nilicheka kwa raha. Tangu Xaveri aumwe nilikuwa sijacheka." Alimpa Oswin mguu wa pili. "Wanasema nitapelekwa wapi?"

"Makaburi ya serikali," Oswin alijibu badala yangu. "Kilomita kumi na sita. Wanakupa namba."

"Mimi sitaki namba. Nimelala na yule mwanamume miaka arobaini na minne. Alikuwa anakoroma. Nataka kulala pale pale, ubavuni pake. Nimepalilia mahali penyewe." Alinigeukia. "Sasa, Mhehe, utafanya nini?"

Nilimweleza kuhusu Ibara ya 58. Nilimwambia habari za Twilumba, ingawa alizijua. Alikuwa miongoni mwa waliobeba machela. Nilimwambia kuhusu wakunga mia mbili na kumi na wawili. Nikawa nazungumza kwa kasi, kama mshitakiwa. Nadhani nilikuwa nangoja aseme: mwanangu, waache wanawake wazae, mimi ni mzee, nizikeni popote. Mwenye umri wake, nilidhani, angesema hivyo.

"Usinibebeshe," alisema. "Mimi ni mgonjwa, si hakimu. Ninachotaka nimekwambia."

"Lakini wewe, mama, ungekuwa mimi..."

"Nisingekuwa wewe. Wahehe hamna akili." Alifumba macho. "Nataka kulala na mume wangu. Fanya unavyojua."

Oswin alinisindikiza mpaka njia panda. Hakuwa na hasira, nami hilo lilinitia moyo.

"Jitoe," alisema. "Wakunga watapatikana kwa njia nyingine. Serikali itaandika barua, mfadhili atakuja. Mama ni mmoja."

"Twilumba naye alikuwa mmoja."

"Twilumba ameshakufa, Ditriki."

"Kuna binti huko Mpepai, leo hii, uchungu unamshika. Simjui jina. Huyo hajafa."

"Humjui jina," Oswin alirudia. "Mama yangu unamjua jina. Amekulisha."

Kisha akanipiga bega kidogo, kama zamani, akasema nisichelewe Ijumaa.

5

Ijumaa nilifika ofisini saa nne. Bi. Eliaichi aliniwekea fomu kwenye kioo, sehemu ya kidole gumba ikiwaka njano. Alininunulia chai, akaendelea na kazi zake.

Nilikuwa nimekuja kujitoa. Nataka hilo lijulikane. Nilivaa shati la kanisani.

Kabla ya kuweka kidole, fomu ilikusomea unachokitoa. Ilinisomea mimi mwenyewe, miaka miwili, kwa sauti yangu mwenyewe. Nilijisikia nikimtetea mwuza mkaa aliyenyang'anywa baiskeli. Nilijisikia nikimuuliza diwani maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Shule niliishia darasa la saba, vitabu niliokota nilivyovipata, mizani ya shairi nilijifunza kwa kuhesabu vidole nikichunga ng'ombe wa watu. Katika maisha yangu sikuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukiita changu isipokuwa kile kilichokuwa kinatoka kwenye kioo kile. Kisha ikafika kwenye Twilumba. *Alifia kwenye daraja.* Nyuma ya maneno yangu nilisikia mwanamke mmoja akisema "ee Mungu wangu", polepole, na mwingine akimwitikia.

Ikafika kwenye kaburi. Nilimsikia Mama Oswin akicheka sekunde zote kumi na moja.

Saa tano na nusu Bi. Eliaichi aliinua kichwa, akanitazama, akakiinamisha tena. Saa sita kasoro dakika nne kidole changu kilikuwa juu ya ile njano, karibu kiasi cha kuhisi joto lake. Niliwafikiria wale wakunga wakifungasha mabegi. Nilimfikiria huyo binti wa Mpepai nisiyemjua jina. Nilifikiria pia, na hili sijawahi kumwambia mtu, jinsi nchi nzima itakavyokuwa haikumbuki kama niliwahi kusema lolote.

Njano ikazimika.

"Saa sita," Bi. Eliaichi alisema. Alichukua kikombe changu, chai ikiwa haijanywewa, akaenda kukiosha.

Nilimkuta Oswin kando ya kisima akijaza madumu. Alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo.

"Hukufanya."

"Nilifikiria wale wanawake, Oswin. Nilimfikiria Twilumba."

"Hukumchagua Twilumba." Hakupaza sauti. Alifunga kifuniko cha dumu, akakikaza. "Ungemchagua Twilumba ungekuja kuniambia jana, ukanitazama, tukapigana. Wewe ulikwenda kule ukajisikiliza. Ulichagua shairi."

"Si kweli."

"Ni kweli kiasi gani?"

Mimi ni mtu wa majibu. Tangu utotoni sijawahi kukosa la kumjibu Mngoni. Nilisimama kisimani pale na watu wakipanga foleni ya maji, nikalitafuta jibu, na kila nililoliokota lilikuwa na uongo ndani yake, mdogo, lakini ulikuwemo. Oswin alijitwisha dumu moja, akashika jingine, akaondoka.

6

Mama Oswin alifariki siku kumi na tisa baadaye, mchana, akiwa amelala ubavu. Oswin aliomba kibali cha kuzika shambani. Kioo kikamrudishia jibu jekundu kabla hajaondoa mkono: *Ibara ya 31. Kiwanja 212.*

Makaburi ya serikali yalikuwa uwanda uliosawazishwa kwa greda, bila mti, vigingi vya saruji vimepangwa mistari. Mashimo yalikuwa yameshachimbwa na mashine, mengi, ya kutosha mwezi mzima. Kwa hiyo hapakuwa na kazi ya kuchimba. Niliangalia nguzo: Masikio yalikuwa yameng'olewa tangu Mei, zilibaki skrubu tu. Mtu angeweza kusema chochote alichotaka.

Nilifika mapema kama inavyonipasa. Nilikuwa nimekesha na maneno. Sikuwa na shairi, nilikuwa na matusi mawili matatu ya kuanzia, mepesi, ya kujaribu maji. Wangoni walikuwa wamesimama kwa vikundi, wamenyamaza. Wahehe wenzangu wawili waliofika walikuwa wamekunja mikono nyuma.

Oswin aliniona. Akaja moja kwa moja, amevaa koti jeusi la baba yake, mikono mifupi. Alinipa mkono wa kulia, na wa kushoto ameushika kwenye kiwiko, kama unavyomsalimu padri.

"Habari za asubuhi, ndugu Kihwele. Pole na safari."

"Oswin," nilisema. "Nani aliwaambia Wangoni mnajua kunyoosha mistari? Hata mkizikwa mnakaa kama mnasubiri pombe."

Sauti yangu ilisikika mbali, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuizuia. Mzee mmoja aliinamisha kichwa. Nilimngoja Oswin aniambie habari ya mbwa, ya babu yangu, ya chochote. Ningempa yeye ushindi. Ningekaa kimya mwaka mzima anitukane yeye.

"Tunashukuru sana kwa kufika," alisema. "Familia inashukuru."

Kisha akaagiza nipewe kiti.

Mtani hakai msibani. Sijawahi kumwona mtani amekaa msibani. Wanaokaa ni wageni waliotoka mbali, wakubwa wa kazini, watu wa heshima ambao hawawezi kuombwa washike jembe. Binti mmoja wa ukoo wa Mbano alileta kiti cha plastiki cheupe, akakifuta vumbi kwa kanga yake, akakiweka mstari wa mbele karibu na mtendaji wa kata.

"Karibu, baba," akaniambia. Nina miaka ishirini na saba.

Nilitazama lile shimo, limekatwa sawasawa na mashine, pembe nne, halina udongo uliomwagika. Lilikuwa hatua sita mbele yangu. Nilijua kwamba nikiingia mle, hakuna atakayenifukuza. Wangesubiri kwa adabu mpaka nitoke.

Nikakaa. Yule binti akarudi na glasi ya maji, akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili.